Nafasi ya Kwanza Ilikuwa Wazi

Usigeuze uso, nakuongelea wewe. Siku walipofunga kiwanda cha bia ya Hennig hapa Milwaukee ulikuwa unatazama pembeni. Jioni yake ukanunua kopo lenye jina lile lile, bia yake imepikwa Georgia, ukasema, "Si bia tu?" Mimi nilikuwa kwenye mstari wa chupa. Nyuso zote ninazo kichwani, na wako umo. Basi leo utanisikiliza.

— Wanda! Panda kitini, zamu yako!

Alikuwa Stosh, dereva mstaafu wa lori la bia, mdomo umejaa samaki wa kukaanga, chakula chetu cha kila Ijumaa. Ijumaa ile baa ya Orville Teske ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Kila mwaka majira ya majani kuanguka, mteja hupanda kiti na kutaja bia zake tano bora za Marekani, kuanzia ya tano kwenda ya kwanza, na wengine wana ruhusa ya kumzomea.

Lakini mimi sikwenda kwa ajili ya bia. Nilikwenda kuachana na Orville.

Sababu alikuwa amekaa kaunta, nywele zimelala vizuri: Kendra, wakala wa kampuni iliyotufungia kiwanda. Alitaka Orville asaini mkataba, mabomba yote ya baa yamwage bia zao tu. Na mbele yake, kila nilipoingia, kulikuwa na kiglasi kilichofunikwa, mdomo chini. Kwetu kiglasi kikifunikwa mbele yako, kuna mtu ameshakununulia kinywaji kinachofuata. Mkono unaokifunika ni wa mwenye baa. Wa Orville wangu.

Nikimpigia simu, haipokei. Nikimwandikia, anajibu: "Leo siwezi mpenzi. Niko chini na mapipa."

Mapipa gani yasiyoisha? Mwisho nikamtumia: "Ukisaini karatasi ya yule mwanamke, usinitafute tena maishani."

Akajibu: "Njoo Ijumaa. Samaki watakuwepo."

Samaki! Namweleza habari za moyo, ananijibu samaki!

Nikapanda kiti.

— Ya tano, Yuengling ya Pennsylvania. Haina makuu, inajua kukaa na mtu.

— Ya wazee hiyo! — akapiga kelele mmoja.

— Na wewe kijana tangu lini? Ya nne, Sierra Nevada. Ya tatu, Two Hearted ya Michigan.

— Chungu kama mama mkwe wangu! — Stosh akadakia.

— Mama mkwe wako alikuwa na akili, alikukataa. Ya pili, Spotted Cow, ya hapa hapa Wisconsin. Ukivuka mpaka huipati, ukome.

— Na ya kwanza?

— Wazi.

Baa nzima ikaguna. Tangu kiwanda kife, nafasi hiyo naiacha wazi.

Kendra akageuka, akatabasamu.

— Dada Wanda, Hennig si bado ipo? Kopo hili hapa.

— Hilo ni jina, bibie. Bia mliizika. Mmechora mnara wa kiwanda chetu kwenye bati, halafu ndani mmetia maji ya kuoshea vikombe.

— Wateja hawalalamiki.

— Kwa sababu wanatazama pembeni!

Akamsukumia Orville kalamu.

— Orville, tumalize. Hapa tu, chini.

Orville akaitazama kalamu, akanitazama mimi. Nikashindwa kujizuia.

— Saini basi! Umemnywesha kiangazi chote, unaona haya ya nini?

— Nani kamnywesha?

— Kiglasi hakibanduki mbele yake! Mimi kipofu?

Stosh akakohoa.

— Hicho cha leo ni changu, Wanda.

— Cha jana kilikuwa changu — ikatoka sauti nyembamba kwenye meza ya pembeni. Alikuwa bibi Elfrieda, mjane wa mpika bia mkuu wa Hennig.

— Wewe, bibi Elfrieda? Unamnunulia huyu?

— Ningefanyaje, mwanangu? Alikuwa anataka kushuka ghalani kukagua. Na mtu akishafunikiwa kiglasi, kuondoka ni kumtukana aliyemnunulia. Tukapokezana, tukamkalisha.

— Mlinikalisha? — Kendra akaruka. — Nilidhani mnanipenda!

— Tunakupenda ukiwa umekaa. Shayiri ikichemka inanuka mpaka ngazini.

Nikashuka kitini.

— Shayiri gani, Orville?

Alichukua kiglasi, akakifunika mbele yangu.

— Nani kaninunulia?

— Mimi.

Akakiinua, akainama chini ya kaunta kwenye bomba lisilo na jina, akanijazia bilauri. Rangi ya asali, povu zito. Nikanywa.

Jamani. Nilisikia ukumbi wa chupa wote ukiamka kooni kwangu. Ile ladha ya mkate ulioungua kidogo pembeni, halafu uchungu unakuja kwa adabu. Nikalia mbele za watu, mimi ambaye siku ya kufungwa kiwanda polisi walinikokota lami nzima bila chozi.

— Bibi Elfrieda alikuwa anaonja, mimi napika — Orville akasema. — Tumemwaga mapipa mengi. Kibali cha kupika na kuuza kimetoka leo asubuhi. Nilinyamaza kwa sababu wewe, mpenzi, ungetangaza kwa kipaza sauti.

— Ningetangaza, kweli.

— Jina la Hennig wanalo wao. Hii nimeiita Wanda.

— Kwa nini?

— Kali, na haisahauliki. Sasa niambie, utakubali nikuoe?

— Unanioa au unatangaza bia?

— Vyote viwili!

— Nimekubali! Stosh, niandikie ubaoni: ya kwanza, Wanda!

Baa ikalipuka, meza zikapigwa, samaki wakaruka. Kendra akakunja mkataba wake taratibu.

— Naweza kuonja?

Nikachukua kiglasi, nikakifunika mbele yake.

— Hicho sasa ni changu. Kaa.

Akakaa. Alipokunywa, akalisogeza kopo lake mbali na mkono.

Sasa wewe. Kopo uliloshika hapo, ligeuze. Soma bia yake imepikwa wapi, uliza waliokuwa wakiipika wako wapi. Kisha simama, lirudishe kaunta, udai bia ya watu wa mtaa wako. Leo. Nakutazama.