Ndala Kwenye Usiku wa Suti

"Funga huo mlango, harufu itaingia kwenye koti langu!"

Bwana Tai alikuwa amesimama nje ya chumba cha mkwewe mtarajiwa melini, leso puani, mguu mmoja ndani mwingine nje, kama mtu anayechungulia choo cha stendi. Ndani, mchumba wake alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa baba yake umelala mapajani mwake. Alikuwa muuguzi wa vidonda, na kuanzia kazini mpaka nyumbani watu walimwita Nesi tu. Kidonda cha sukari kilikuwa kimekula nyama chini ya kidole gumba cha mzee, naye alikuwa akikisafisha taratibu.

"Harufu gani? Hii ni dawa," alisema Nesi bila kugeuka.

"Dawa au si dawa, leo ni usiku wa suti. Koti limetoka kupigwa pasi sasa hivi."

"Mwache mwenzio aende, mwanangu," alisema mzee kwa upole. "Atachelewa."

"Na wewe je, baba? Leo ndiyo jioni ya mwisho. Kesho tunafunga ndoa, na hujala na sisi ukumbini hata siku moja!"

Mzee alitazama dirishani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mpaka alipostaafu, na mikono yake bado ilikuwa na madoa ya cheche.

"Mimi na vijiko vinne vinne hatuelewani, mama. Nikila mkate wangu hapa, natazama maji, nimemaliza."

"Si umemsikia?" alidakia Bwana Tai. "Mzee amesema mwenyewe. Tusimlazimishe mtu mzima."

Nesi akamaliza kufunga bandeji, akaichomeka ncha ndani kama alivyozoea, akaigandisha kwa plasta mbili zilizopishana. Mzee akaingiza mguu kwenye ndala yake ya buluu.

Sasa uelewe meli yenyewe. Ilikuwa hoteli nzima iliyowekwa juu ya maji, watu wamekuja kustarehe, na siku ya kupanda abiria wote waliunganishwa kwenye kundi moja la simu ili wapate matangazo. Ungedhani mle ndani watazungumzia bahari. Thubutu! Tangu nanga ing'olewe, ugomvi ulikuwa mmoja tu, nguo za chakula cha jioni.

"Nimelipa nauli kama wewe, nitavaa kaptura mpaka nishuke," aliandika mmoja.

"Ukitaka kaptura panda juu kwenye chakula cha kujipakulia, utuachie ukumbi wetu," akajibiwa.

"Jana mtu kaja na fulana ya mikono wazi, nywele za kwapa ziko juu ya supu yangu! Nimeshindwa kula."

"Mume wangu akifunga tai anakosa pumzi. Mnataka afe ndio muone amependeza?"

Kinara wa ugomvi wote huo alikuwa Bwana Tai. Alikuwa dalali wa nyumba, na aliamini kuwa mwanamume asiye na tai hawezi kuuza hata banda la kuku. Nesi mwanzoni alimwona kichekesho. Kisha, ukweli usemwe, akanogewa. Ukishakuwa mchumba wa mtu anayeogopwa kwenye kundi, unaanza kujiona na wewe una cheo. Jioni moja aliandika, "Sheria ni sheria jamani, anayeona tabu abaki chumbani," na pongezi zikamiminika. Akalala anatabasamu.

Jioni hiyo, baada ya kumhudumia baba yake, Nesi alishuka saluni ya meli kutengeneza nywele za usiku wa suti, ambazo ndizo angeingia nazo kwenye ndoa. Msusi alikuwa ameshasuka upande mmoja simu ilipolia. Bwana Tai alikuwa ametuma picha kwenye kundi.

"Jamani, huyu juzi alikaa benchi la mlangoni anataka kuingia ukumbini. Ndiyo maana huwa nasema. Hii mtakula nayo meza moja?"

Picha ilikatwa magotini. Mguu mmoja umevaa kiatu cheusi, mwingine umefungwa bandeji na kuvishwa ndala. Watu walicheka mle kwenye kundi mpaka basi. Nesi naye akaweka vikatuni vitatu vya kucheka na machozi, akaandika, "Huyo kapotea njia. Mwambieni zahanati iko ghorofa ya chini."

"Nini kinakuchekesha peke yako?" aliuliza msusi.

Nesi akamwonyesha. Msusi hakucheka.

"Maskini. Na huo mguu mzima kaupigia kiatu rangi mpaka unaweza kujitazama. Huyu mtu alijiandaa."

Nesi akaangalia tena, safari hii kwa utulivu. Ndala ilikuwa ya buluu. Kamba yake ilikuwa imekatika na kuungwa kwa waya wa shaba, ule mwembamba, uliozungushwa kiufundi. Na bandeji ilikuwa na plasta mbili zilizopishana.

Ulikuwa mguu wa baba yake. Alifuta maneno yake haraka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Unataka kutapika? Ni bahari hiyo, wengi inawasumbua. Nikuletee ndimu?"

"Siyo bahari, dada."

"Basi kaa nimalizie upande huu..."

Alishatoka. Alipanda ngazi mbilimbili, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama, mpaka mlangoni pa ukumbi wa chakula. Mkuu wa wahudumu alikuwa akinyoosha vitambaa vya meza.

"Samahani, kaka. Mtu mwenye kidonda mguuni akija na ndala, mnamzuia?"

"Mgonjwa?" Yule kaka alishangaa. "Tumzuie kwa lipi? Ile sheria ya ndala ni ya wanaotoka kuogelea wanadondosha maji. Si unamuulizia mzee wako? Kiti chake tunakiandaa kila jioni. Mchumba wako ndiye aliyetuambia mzee hapendi kukaa na watu."

Nesi akageuka palepale. Akarudi chumbani kwa baba yake. Alimkuta ameketi kitandani, kipande cha mkate kiko juu ya leso.

"Baba, juzi ulikuja ukumbini?"

Mzee akafuta makombo taratibu.

"Nilikuja."

"Ikawaje?"

"Mwenzio alinikuta kwenye benchi. Akaniambia meli hairuhusu mguu kama huu, na nikibisha watatutoa sote, uaibike siku tatu kabla ya ndoa yako. Nikarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikugombanishe na mumeo kwa ajili ya mguu? Mguu wenyewe hatujui kama utabaki."

"Vaa shati lako jeupe, baba."

"Mwanangu..."

"Shati, baba."

Walipoingia, ukumbi ulikuwa umejaa suti na magauni yaliyofagia sakafu. Nesi alivaa gauni lake refu, nywele zikiwa vilevile nusu kwa nusu. Mzee alimshika mkono, kiatu kinagonga, ndala inaburuzika. Bwana Tai alikuwa meza ya dirishani, mbele yake sahani ya nyama yenye mchuzi mzito. Alinyanyuka nusu.

"Nywele zako!"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Kisha akamwona mzee.

"Na hili nalo ni nini? Tulishakubaliana."

"Mlikubaliana na nani?" aliuliza Nesi.

"Punguza sauti. Watu wanatazama."

"Si ndicho unachopenda, watu watazame? Umewapigia mpaka picha."

Bwana Tai akameza tonge lililokuwa mdomoni, akajipangusa pembe za midomo kwa ncha ya kitambaa, kidogo kidogo, kwa madaha.

"Sikuonyesha uso. Nilimsitiri mzee, kama hujui. Mwingine angemweka mzimamzima."

"Ulimsitiri?"

"Mpenzi, tuelewane. Ni mguu tu ndio tatizo, yeye mwenyewe sina neno naye."

"Na kesho? Kesho kwenye ndoa ungemwambia nini?"

Hapo Bwana Tai akachangamka, kama anamwonyesha mteja jiko jipya.

"Nimeshapanga! Nahodha akitufungisha ndoa, wanarusha moja kwa moja kwenye televisheni za vyumbani. Mzee atatuona kwa karibu kuliko hata waliokaa mbele. Nimemfikiria, usione nipo kimya. Atanyoosha mguu wake kitandani, atajinafasi."

Mzee alitazama chini. Nesi alimtazama mchumba wake, ile midomo iliyopanguswa vizuri, lile fundo la tai lililokaa katikati kabisa, na akaona wazi kwamba mwanamume huyu hakuwa na haya hata chembe. Aliyasema yale akisubiri shukrani.

"Nimesafisha vidonda tangu nianze kazi," alisema Nesi. "Nimetoa usaha, nimetoa funza, nimeshika vitu ambavyo ukisikia hutakula wiki nzima. Sijawahi kugeuza uso. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunitia kinyaa."

"Unanidhalilisha mbele za watu kwa sababu ya ndala?"

"Nikikaa karibu yako nasikia kutapika. Nilitembea na wewe, nikala na wewe, na kesho nilikuwa nilale na wewe. Nikifikiria hivyo mwili unanisisimka."

Akashika pete aivue. Pete ikagoma, maana vidole vilikuwa vimevimba tangu wapande melini. Nesi hakuhangaika nayo. Alichota siagi kwenye kisahani cha mkate, akaipaka kidole chote, akaizungusha pete kama anavyowavua wagonjwa kabla ya upasuaji. Ikateleza, ikaangukia kwenye sahani ya Bwana Tai, mchuzi ukaruka.

Na Bwana Tai wa watu, kabla ya kumtazama mwanamke anayemwacha, alitazama kwanza tai yake kama imepata doa.

Lilikuwepo. Alilifuta, likatanda. Meza ya jirani mtu akaguna, na mwanamke wa nyuma yake akasema bila kuficha, "Ptuu!" Bwana Tai aliokota pete kwa kitambaa, akatoka ukumbini kwa hatua ndefu huku ameziba doa kwa kiganja.

Mkuu wa wahudumu akamvutia mzee kiti. Supu ikaletwa. Nesi akafuta siagi mkononi, akatoa simu, akaandika kwenye kundi:

"Miguu mliyoicheka ni ya baba yangu. Bandeji niliifunga mimi. Na aliyesema zahanati iko chini ni mimi pia. Tupo meza ya dirishani. Mwenye hamu ya kucheka aje acheke hapa."

Akatuma. Kwenye mfuko wa shati jeupe la mzee, simu ikalia.

Nesi akautazama ule mfuko.

"Baba. Na wewe umo kwenye kundi?"

"Si walituunganisha wote siku ya kupanda?"

"Kwa hiyo ile picha..."

"Niliiona."

"Na niliyoandika mimi?"

"Uliyafuta upesi," alisema mzee. "Lakini nilikuwa nimeshayasoma."

Nesi aliweka simu mezani. Alivuta kiti cha Bwana Tai, kile cha kitambaa chekundu, akapiga magoti palepale na gauni lake, akaunyanyua mguu wa baba yake na kuulaza juu ya kiti hicho. Mguu ule haukutakiwa kuning'inia muda mrefu. Vijiko vilisimama ukumbi mzima.

"Unauma, baba?"

"Mguu hauumi, mama. Ulishakufa ganzi siku nyingi, unajua mwenyewe." Mzee alimtazama. "Yale ya zahanati ndiyo yaliyouma."

"Nisamehe, baba."

Machozi yalimdondoka Nesi juu ya bandeji, hakuyafuta. Mzee aliweka kiganja chake kizito kwenye kichwa cha binti yake, upande ule ambao haukusukwa.

"Nitakusamehe," alisema. "Ila siyo sasa hivi. Inuka ukae, tule kwanza. Mkate mkavu umenichosha."

Nesi akainuka, akakaa, akamsogezea baba yake kijiko.