Bomba la Sesilia

Kila asubuhi wakati wa kiangazi, wanafunzi wa kijiji kile cha karibu na Didia walifika shuleni na madaftari mkono mmoja, kidumu cha maji mkono wa pili. Maji yalikuwa ya kupikia uji na kunawia mikono chooni. Sesilia wa darasa la sita alibeba chake akinung'unika, lakini alibeba.

Muhula ule aligombea ukiranja mkuu. Mpinzani wake, Thobias, aliahidi kwa sauti ndogo kupanga zamu ili wadogo wapumzike. Wasikilizaji walipiga miayo. Sesilia naye hakujaliwa sauti ndogo.

"Ndugu zangu, mtabeba mpaka lini?" alipaza sauti. "Mjomba wangu ni dereva mgodini, atawaomba wenye mgodi watuvutie maji. Nichagueni, bomba litafika hapa! Madumu?"

"Chini!" shule nzima iliitikia.

Alishinda kwa kura nyingi. Mjomba mwenyewe hakuwa na habari.

Jumatatu wengi walikuja mikono mitupu. Jumatano pipa la chooni lilikauka. Ijumaa Vumilia wa darasa la kwanza, jirani wa kina Sesilia, alilazwa zahanati kwa kuhara.

Sesilia alikwenda kumwona.

"Shikamoo, Mama Vumilia."

"Marahaba, mayu, mwanangu. Mwenzio alikataa kubeba kidumu. Alisema kiranja ameleta bomba. Limefika?"

"Hapana, mama."

Alisubiri machozi, hayakuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Siku mbili alikula, akafua sare, akajibu salamu, bila kusikia uchungu wala aibu.

Jumatatu alimwendea Mwalimu Paskalia. "Mwalimu, bomba halipo. Niliongopa."

"Mimi sikukupigia kura. Waambie waliokupigia."

Aliwaambia mstarini, maneno makavu. Kisha akamwomba Thobias asome zamu zake. Safari hii walisikiliza, na kesho yake pipa likajaa. Vumilia alirudi shuleni Alhamisi, amekonda lakini mzima.

Jioni hiyo mwalimu alimwita Sesilia.

"Kujua kusema si kosa," alisema. "Kiongozi asiyejua kusema hapati wa kumfuata. Lakini wewe ulitafuta makofi tu, ukasahau kwamba wanaokuamini watafanya unachosema. Na wao walipaswa kukuuliza hilo bomba linatoka wapi. Wakubwa hawakuuliza. Mtoto wa miaka saba angeulizaje? Alikuamini, akaacha kidumu chake nyumbani."

Hapo ndipo Sesilia alipolia.