Jezi ya Kipa wa Usenge

Jua lilikuwa linazama Oluoch alipopita mtaa wa Obunga, Kisumu, kununua mkaa. Mkewe Dorca alimwagiza mkaa tu, lakini kila aliyemfahamu alijua asingeweza kupita kibanda cha mitumba bila kusimama. Nyumbani alikuwa na jezi sabini na moja ndani ya sanduku la bati. Akizikunjua alirudi uwanjani na wenzake wa zamani, hata waliokwisha kufa, wote wakiwa bado vijana.

Mwenye kibanda, mama mmoja wa Bungoma aitwaye Nasike, alikuwa anafunga kazi. Jezi moja ilibaki kwenye msumari.

Ya manjano. Namba moja.

Oluoch akaishika, akaigeuza. Chini ya kwapa la kulia kulikuwa na kiraka cha samawati, kipande cha sare ya shule, kimeshonwa kwa uzi mweupe uliopindapinda. Kiraka hicho alikiona kikishonwa. Alikishona mama yake, maana Odongo, kaka yake, kipa wa timu ya kijijini kwao Usenge, alipenda kurukia upande huo.

Odongo alizama ziwani mwaka wa themanini na tisa.

Alizikwa na jezi hiyo.

"Hii umetoa wapi, Mama?"

"Kwa belo ya mitumba, Mzee. Nimefungua leo." Nasike akashusha sauti. "Zingine zote zilikuwa kavu. Hiyo peke yake ilikuwa na maji. Nimeianika tangu asubuhi."

Ilikuwa bado inadondosha maji. Tone... tone...

Aliinunua, mkaa akausahau.

Nyumbani hakumwambia Dorca kitu. Aliingia chumbani akaivaa. Mpaka leo hawezi kueleza kwa nini. Anasema tu kwamba alimkumbuka kaka yake hadi kifua kikauma. Jezi ya kijana mwembamba ilimkaa sawasawa, yeye mtu mzima mwenye kitambi.

Kisha harufu ikaja. Tope. Magugu yaliyooza. Omena, wale dagaa wa ziwani, walionyeshewa na mvua.

Kitambaa kikaanza kubana.

Alifungua mdomo amwite Dorca. Hakukutoka sauti.

Yalitoka maji.

Dorca alimkuta sakafuni, macho yamemtoka, mikono ikipapasa hewa kama anatafuta kitu cha kushika. Alinyakua makasi akaichana jezi mgongoni, kutoka ukosi hadi pindo. Oluoch akatapika maji ya kijani. Ngozi ya kifua chake ilikuwa imepauka na kukunjamana, kama ya mtu aliyelala majini siku nyingi.

"Ya nani hii?" Dorca alinong'ona.

"Ya Odongo."

"Odongo gani? Si yule mlizika?"

Oluoch alinyoosha mkono akagusa kiraka.

Kulipokucha walisafiri hadi Usenge. Mama yake Oluoch, Mama Achola, ambaye macho yake yalishakufa kwa uzee, alikuwa ameketi mlangoni. Oluoch alimwekea jezi mapajani. Vidole vya kikongwe vilitembea polepole juu ya kitambaa... vikafika kwenye kiraka... vikasimama.

"Mama, si ulimzika nayo?"

Kikongwe alikisugua kiraka kwa kidole gumba.

"Ulikuwa shuleni Maseno," alisema. "Ulipofika, jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari. Hatukumpata, mwanangu, wala jezi aliyozama nayo. Walitafuta siku tisa. Ndani tuliweka tunda la mti wa yago badala ya mwili, vile wazee hufanya kwa mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha."

Oluoch aligeuka akatazama kaburi. Alilijengea saruji kwa mikono yake. Miaka yote hiyo alilipalilia, akalisimulia kila mechi, bao kwa bao.

"Sasa yeye yuko wapi?"

Mama Achola aliinua jezi hadi puani akavuta pumzi. Uso wake ulibadilika.

"Hii imevuliwa juzi," alinong'ona. "Bado ina jasho lake."

Dorca alitaka ichomwe papo hapo. Mchungaji aliyeitwa kuomba alitaka hivyo pia. Kikongwe aliikumbatia, akakataa kuiachia, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Tangu siku hiyo Mama Achola hafungi mlango. Winny, mjukuu anayeishi naye, akiweka komeo jioni, asubuhi analikuta limeondolewa. Oluoch amemsihi mama yake ahamie Kisumu, mara tatu sasa, na jibu ni lile lile.

"Nikienda, akirudi atamkuta nani?"

Oluoch bado humtembelea. Hufika mchana. Lakini jua likianza kuinama upande wa ziwa, huaga haraka na kwenda zake bila kutazama maji.