Kidole cha Nne

Mimi si mtu wa hadithi za majini. Nimezaliwa Jomvu Kuu, na mtu akianza kuniambia ati kaona nini na nini kisimani, humuuliza kwanza kama ameshakula. Kazi yangu ni kutunga shanga katika karakana hapa Bombolulu. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka mitatu, Mungu akanifidia kwa mikono. Haya yalitokea upande wa pili wa ukuta wangu, kwa jirani, na nayasema kwa sababu nimechoka kuyameza.

Jirani mwenyewe ni Ruth, mwanamke wa Bungoma, mtu mwema tu. Alikuwa akifanya kazi Nyali kwa bibi mmoja wa kizungu, na yule bibi alipohama akamwachia kinanda, piano lenyewe la mbao. Kililetwa kwa mkokoteni na wanaume sita wakitukanana njia nzima, kikajaza nusu ya sebule. Unyevu wa huku huvimbisha mbao, kwa hivyo yule bibi alikuwa amemfundisha Ruth kuacha balbu ndogo ikiwaka tumboni mwa kinanda, mchana na usiku. Ukiingia pale mapazia yamefungwa, huona kwanza mstari wa mwanga chini ya zile mbao.

Ruth hakujua kukicheza. Aliyekijua ni bintiye, Nafula. Nafula nilimpenda, na nasema wazi. Kabla sijamzaa Swabra wangu, yule alikuwa ndiye mtoto wangu. Alipokuwa na miaka minane alichokora karai langu la mahamri, mafuta yakamchoma kidole cha pete, mkono wa kushoto. Nikampaka asali, nikambeba hadi akalala. Kovu lilibaki, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Alipofika miaka kumi na tisa, chuo kimoja cha muziki cha ng'ambo kilitangaza kwamba watahini wake watakuja Mombasa mwezi wa nane. Nafasi ilikuwa moja. Kila anayeitaka alitakiwa acheze sonata moja, yaani muziki mrefu wa kinanda, nzito na kubwa kuliko zote alizopata kucheza. Nafula akishinda, anapanda ndege. Akishindwa, anakwenda Nyali kuosha vyombo vya watu kama mamake. Mambo yake yote yalikuwa katika vidole vile kumi.

Mwalimu wake aliitwa Erastus, mtu wa Mtopanga, mfundisha kwaya. Alikuwa mrefu, nguo zimenyooshwa pasi, maneno yake machache. Mkono wake wa kushoto haukutoka mfukoni, hata jua la mwezi wa pili likiwaka namna gani. Alifundisha kwa mkono wa kulia peke yake, na sisi kwa adabu hatukuuliza.

Jumanne moja, baada ya alasiri, Nafula akaniita ukutani.

"Shikamoo, mama Swabra. Njoo kidogo, nichagulie."

"Marahaba. Nikuchagulie nini mimi, mchumba?"

Akacheka. Nikaenda na shanga zangu mkononi. Erastus alikuwa amesimama kando, na juu ya kinanda palikuwa na sonata tatu zimepangwa. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya madaha; Nafula akaicheza mistari michache, Ruth akatikisa mabega. Ya pili ilikuwa ndefu na ya huzuni, ya kumliza mtu bila kufiwa. Ya tatu haikupigwa chapa. Iliandikwa kwa mkono, karatasi zimekuwa rangi ya chai, wala haikuwa na jina la mtunzi.

Nafula aliicheza ukurasa mmoja tu. Sijui muziki mimi, lakini malaika ya mikono yalinisimama. Ilikuwa kama mtu anayekuja mbio na hajafika.

"Hii itaniua, mwalimu," Nafula akasema. Macho yake yalikuwa yakimeta.

Aliitaka na aliiogopa. Alizichukua zote tatu, akaziweka, akazichukua tena, hadi Ruth akakasirika. "Pigeni kura basi! Mimi unga wangu unakauka." Katika ploti yetu ya wapangaji wengi, jambo likishinda watu, hupigwa kura ya vikaratasi: nani ateke maji kwanza, nani apike siku ya shughuli. Nafula akaandika moja, mbili, tatu, akavikunja, akavitia kikombeni.

Akanyoosha mkono achukue. Erastus akamzuia.

"Mwenye kucheza hajichagulii," akasema polepole. "Achaguliwe na mtu anayempenda."

Ruth alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Basi nikasema mimi, tena kwa majivuno, wallahi: "Hakuna anayempenda kuliko mimi." Nikatia mkono. Ikatoka tatu. Erastus akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nikawa nakwenda kila jioni kumfunulia kurasa, maana mikono yake haikupata nafasi. Akitikisa kichwa, mimi nafunua. Juu ya noti palikuwa na namba ndogo za penseli, akanieleza kwamba ni namba za vidole. Gumba ni moja, cha shahada mbili, cha kati tatu, cha pete nne, cha mwisho tano. Walioicheza zamani waliandika kila mmoja kwa mwandiko wake, namba juu ya namba.

Noti sizijui, lakini namba nazijua, mtunga shanga yeyote huishi kwa kuhesabu. Ukurasa wa kwanza, mkono wa kushoto ulikuwa umejaa nne. Katikati zilipungua. Ukurasa wa mwisho nilitafuta nne hata moja, sikuiona. Miandiko mitano, na wote wameacha kidole kilekile.

"Nafula, hawa watu kidole cha pete walikipeleka wapi?"

"Wavivu tu hao, mama Swabra."

Nyuma ya karatasi ya mwisho palikuwa na majina matano. La mwisho lilikuwa Erastus.

Hapo ningesimama. Ningeichukua ile karatasi nikafungie sambusa. Sikufanya. Nilimwona mtoto ana furaha, nikajiambia nisilete ushamba wangu.

Wiki ya tatu akaniambia, "Kidole changu baridi." Nikakishika. Huo ulikuwa mwezi wa pili, watu wanalala barazani kwa joto, na kidole cha mtoto kilikuwa kama samaki aliyetoka barafuni. Nikakisugua kwa mafuta ya karafuu. Hakikupata moto.

Ijumaa moja umeme ulikatika saa kumi za jioni. Feni ikasimama. Redio za ploti nzima zikanyamaza. Nafula hakuacha kucheza. Nikainama kuokota shanga iliyoniponyoka, nikaona mwanga. Ile balbu tumboni mwa kinanda ilikuwa inawaka.

"Nafula," nikanong'ona. "Umeme hakuna."

Nikatazama mikono yake. Vidole tisa vilikuwa vinakwenda. Kile cha pete kilikuwa kimesimama wima, peke yake. Hakikushuka. Hata mara moja hakikushuka.

Siku aliyofika ukurasa wa mwisho, kidole kikawa cheusi. Hospitali walisema damu imekatika, sababu hawakuiona. Wakakikata shinani. Akarudi na bandeji nyeupe, akakaa mkekani, akanitazama mimi, si mamake.

"Nimebaki na tisa, mama Swabra."

Nililia hadi nikaona haya. Mwezi wa nane ukaja, watahini wakaja, wakamchukua mtu mwingine, wakaenda zao.

Erastus alikuja kutoa pole. Alileta machungwa. Akanisalimu kwa mikono yote miwili. Mikono yote miwili! Nikautazama ule wa kushoto, mara yangu ya kwanza kuuona. Ulikuwa mzima. Vidole vitano. Na cha pete kilikuwa chembamba kuliko wenziwe, kidole cha kike. Juu yake palikuwa na kovu jeupe, punje ya mchele.

Yeye akakipinda kile kidole mbele yangu, akakinyoosha, akakipinda tena.

"Mimi pia nilichaguliwa," akasema kwa upole. "Na mamangu mzazi."

Huko Mtopanga hajaonekana tena tangu siku ile. Niliichukua ile sonata nikaitia katika makaa ya jiko langu, karatasi moja moja. Nilisimama pale hadi ikawa majivu. Majivu yenyewe nikayakoroga kwa kijiti.

Kisha nikafanya ujinga. Nilimwambia Nafula yote. Nilidhani mtu ana haki ya kujua kilichompata. Alinisikiliza bila kupepesa, akauliza swali moja tu.

"Na kinapinda vizuri?"

"Kinapinda, mwanangu."

"Ahaa," akasema. Akarudi kumenya vitunguu.

Miaka miwili ikapita. Nafula akapata uchangamfu, akaanza kufundisha watoto wa mtaani. Swabra wangu alikuwa ametimia kumi na tatu, na kila akitoka madrasa alikuwa kwao. "Mama, namsaidia Da Nafula vyombo," aliniambia. "Mama, namsaidia kufua." Kinanda kilisikika, nami nikasema ni wale watoto wengine. Swabra nilikuwa nimemkataza kukigusa. Niliamini kwamba mtoto akikatazwa anakatazika.

Idi hii iliyopita nilimpaka Swabra hina mimi mwenyewe. Huwa namalizia kwa nukta tatu juu ya kidole cha pete, karibu na ukucha. Ni alama yangu, hata shanga zangu huzimaliza hivyo. Nikapakua biriani, nikawapelekea akina Ruth sahani yao.

Siku ya tatu ya Idi, jua linawaka, Nafula akabisha hodi. Alikuwa anarudisha sahani, na huku kwetu sahani hairudi tupu. Alikuwa ametia mandazi. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nikahesabu. Nimezoea kuhesabu.

Vilikuwa kumi.

Cha pete cha kushoto kilikuwa kifupi. Kidogo. Ngozi laini, ya mtoto. Kilisimama wima pembeni mwa sahani. Na karibu na ukucha palikuwa na hina, nukta tatu.

"Nafula," nikasema.

"Abee, mama Swabra."

"Umefanya nini?"

"Watahini wanarudi mwezi wa nane." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. "Hakijapinda bado. Lakini kitapinda."

"Nani alimpigia Swabra kura?"

"Mimi. Nampenda kweli, mama Swabra, usinidhanie vibaya. Nisingempenda, sonata isingekubali." Akaniwekea sahani miguuni, maana mikono yangu haikushika. "Wewe mwenyewe ulinipenda hivyohivyo."

Akageuka akaenda kwao. Nikasikia mlango unafungwa taratibu.

Nikauburura mguu hadi chumbani. Swabra alikuwa ameketi kitandani, mkono ameukalia. Juu ya mto palikuwa na karatasi rangi ya chai, zote, hakuna hata moja iliyopungua. Zilinuka moshi wa makaa.

"Swabra!"

"Abee, mama."

"Nipe mkono."

Akanipa wa kulia.

"Wa pili."

Akaubana kwanza chini ya paja. Kisha akautoa. Hina ilikuwa imekolea vizuri, gumba, cha shahada, cha kati, cha mwisho. Cha pete kilikuwa cheupe, safi, kama sikukipaka kamwe. Nikakitia mdomoni kukipasha moto, kama nilivyomfanyia akiwa mchanga. Meno yaliniuma kwa baridi.

"Hutakwenda tena kule," nikamwambia. "Ukurasa wa mwisho hutaucheza. Wanisikia?"

"Nasikia, mama." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Lakini nimeshauhifadhi."

Nikamkumbatia. Nikaibana mikono yake yote miwili katika mikono yangu, kwa nguvu zangu zote, na mikono yangu ina nguvu. Upande wa pili wa ukuta Nafula akafungua kinanda. Nikaujua ukurasa. Nimeufunua mara ngapi mimi!

Vidole vya Swabra vikaanza kucheza kiganjani mwangu. Gumba. Cha shahada. Cha kati. Cha mwisho.

Cha nne hakikushuka.