Suruali Pana za Fundi

Hakuna siri ya nyumba hii inayonipita mimi. Isipokuwa hii iliyoshonwa mbele ya macho yangu, nami nikashika mkasi nikikata nyuzi zake.

Mjukuu wangu ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, mimi namfumulia mishono na kumchosha kwa maneno. Namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake. Mkewe wa kweli namwita mke mwenza.

Basi fundi huyu, mpenda suruali za kubana, akaanza kujishonea suruali pana kama mapazia. Akawa anaoga mlango ameutia komeo. Kitandani anageukia ukutani. Mke mwenza akaninong'oneza kuwa mumewe ana mwanamke nje. Nikamuuliza ni mwanamke gani anayetongozwa kwa suruali zile. Lakini wasiwasi ukaniingia na mimi. Nikanusa mashati yake, yakanuka mafuta ya cherehani. Nikapekua mifuko, nikapata chaki.

Siku moja mke mwenza alikuwa anapiga pasi. Akageuza suruali ndani nje, akaniletea. Fundi alikuwa ameongeza kitambaa kwenye msamba, upande wa kulia peke yake. Nimeshona maisha yangu yote. Nafasi haiongezwi upande mmoja bila sababu.

Fundi alipoingia, nikamtandazia suruali magotini pangu.

"Mume wangu, huku kulia unamficha nani?"

Akautazama mlango. Mkewe alikwisha simama pale. Fundi akaketi.

Akatueleza kuwa aligusa kivimbe akioga, kigumu kama kokoto, kwenye korodani ya kulia. Hakikumuuma, akadhani kitaondoka. Sasa korodani imevimba na kuwa nzito.

"Ningekwambia, ungesema nimeuokota ugonjwa nje," akamwambia mkewe.

"Nilikwisha sema," akajibu mkewe, machozi yakimlenga.

Tukamwita jirani yetu muuguzi. Hakucheka, wala hakushangaa.

"Kutouma kusikudanganye," alisema. "Uvimbe mgumu kwenye korodani uonwe na daktari upesi. Huenda si kitu kibaya, huenda ni saratani. Saratani hii huwapata zaidi vijana, wala haiambukizwi kitandani. Ukiwahi, mara nyingi inapona kabisa."

"Wataniondoa uanaume," fundi akanung'unika. Alimtazama muuguzi kama mteja asiyetaka kulipa.

"Wataitoa ile yenye ugonjwa tu. Nyingine ikiwa nzima, inatosha kwa ndoa, inatosha kwa watoto."

Kesho yake mkewe alimpeleka hospitali, kamshika mkono asije akachepuka njiani. Walimpima damu na kumpiga picha ya ultrasaundi. Ilikuwa saratani. Wakaitoa korodani kwa kupasua kwenye kinena, wakaichunguza maabara. Wakampiga picha za kifua na tumbo, waone kama ugonjwa umesambaa. Kabla ya kumtundikia dawa kali za mshipani, walimshauri ahifadhi mbegu zake za uzazi. Nywele zikamtoka zote. Tukawa tumependezana, yeye kipara, mimi kibogoyo.

Sasa amepona. Kliniki haikosi. Na kila mwezi, akishaoga maji ya moto, anaiviringisha taratibu iliyobaki kati ya gumba na vidole, akitafuta uvimbe. Suruali zimerudi kubana. Mke mwenza naye siku hizi anatapika asubuhi, wala hajala kibaya.

Juzi akaja fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa mtaa huuhuu. Akataka suruali pana, tena kushoto iachiwe nafasi zaidi. Mume wangu akaniangalia.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ya mdogo wangu."

"Kiuno chake?"

Kijana akajitazama tumboni kwanza, ndipo akajibu.

Nikaweka mkasi chini. "Mdogo wako yupi, baba? Mama yako nilimshika mkono akikuzaa wewe, na baada yako hakuzaa tena."

Akautazama mlango. Mke mwenza alikwisha simama pale.