Sura ya Mwisho ya Wepukhulu

Haya yalimpata rafiki yangu Jentrix, mwalimu wa Bungoma, mwaka jana. Mumewe, Wepukhulu, alikuwa amepanga chumba Kibomet, Kitale, na kwa miaka tisa alikuwa akitafsiri riwaya kuukuu ya vita vya kale vya Uchina. Hakuna aliyemjua mwandishi wake; alikuwa jina tu kwenye jalada. Wepukhulu alifariki kabla ya kumaliza sura ya mwisho.

Baada ya matanga, Jentrix alikwenda kuchukua vitu vyake. Alasiri hiyo mvua ilitia giza na stima ilikuwa imepotea.

"Pole sana, mama," alisema Chepkemei, mwenye nyumba, akimpa ufunguo. "Si tulifunga hapo tangu mazishi. Hakuna mtu ameingia."

Mlangoni Jentrix alisikia mtu ndani akisoma kwa lugha asiyoijua. Alisoma sentensi moja, akatua, akairudia polepole, kama anayemngoja mwenzake aandike. Kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi.

Machozi yakamtoka Jentrix.

"Baba Nabwile?" aliita. "Ni wewe?"

Kalamu ikanyamaza. Viti viwili vikavutwa, na hatua za watu wawili zikaanza kuja mlangoni. Za mmoja alizijua vizuri.