Upande wa Nne wa Kitabu

Kambini kwetu siku ilianzia bombani. Foleni ya ndoo ilizunguka mpaka nyuma ya mabanda ya mabati, na kabla ndoo ya kwanza haijajaa ulikuwa umeshajua nani kajifungua, nani kagombana na mumewe, na nani kaahidiwa nyumba ya matofali mwaka huu, ahadi ambayo hata paka wa kambi hakuiamini. Sisi Wayahudi wa Yemen tulikuwa na msimu wa pili wa mvua pale. Tuliambiwa tumerudi nyumbani, kwenye nchi ya Torati, baada ya babu zetu kukaa ugenini karne na karne. Ni kweli tulirudi. Lakini nyumbani penyewe palivuja.

"Badra we! Unakimbia kama umeiba kuku! Salamu hakuna siku hizi?" Bi Rumiya, jirani yetu, aliita asubuhi moja.

"Umeamkaje, shangazi? Nimechelewa shule!"

"Shule, shule! Utaolewa na shule!"

Foleni nzima ilicheka. Badra, msichana wa miaka kumi na mmoja, alitua ndoo kwa mama yake, akachovya kipande cha mkate kwenye pilipili ya kusaga, akatoka mbio kuelekea kijiji cha pili, ng'ambo ya mashamba ya machungwa.

Baba yake alikuwa ameshaondoka na jembe. Kule Yemen alikuwa mwalimu wa chuo cha watoto cha kusoma Torati, na kwa heshima hiyo kila mtu alimwita Mori, yaani mwalimu, Mori Saadia. Hapa alikuwa kibarua wa kupanda miti mlimani. Kanzu yake ya mistari ilikuwa ileile, na mashungi mawili marefu ya nywele yalining'inia mbele ya masikio yake, kama ya baba yake na babu yake.

Kule kijijini kwetu Yemen chuo cha Mori kilikuwa na Kitabu kimoja tu cha Torati, kilichoandikwa kwa mkono. Wavulana walikizunguka pande tatu. Upande wa nne, ambao maandishi yake huonekana kichwa chini miguu juu, hakuna aliyeutaka. Hapo ndipo alipokaa Badra, akijidai kupepeta mtama, maana msichana hakuwa na nafasi chuoni. Alipepeta, akatazama, akasoma. Mori aliona, hakumfukuza. Siku moja tu alikisogeza Kitabu kidogo upande wake.

Kwa hiyo, siku ya kwanza katika shule mpya, Mwalimu Zehava alipompa kila mtoto kitabu cha masomo chenye habari za Torati, Badra alikifungua, akakigeuza kichwa chini bila hata kufikiri.

"Tazameni!" alipiga kelele Ruhama, msichana wa kijijini pale, mwenye magoti yaliyochubuka na asiyemwogopa mtu. "Anasoma kama popo!"

"Popo! Popo!" darasa lilidakia.

Mwalimu Zehava aligonga meza. Alikuwa ametoka Poland. Hakuwa na roho mbaya, ila alikuwa na haraka. "Ugenini tulizoea kuinama, watoto," alisema. "Hapa tunasimama wima, na vitabu vyetu pia. Mtoto mzuri, kuanzia leo jina lako ni Levana. Badra ni jina la kule."

Badra alikigeuza kitabu. Herufi zikamtazama kama wageni. Hakuweza kusoma hata neno moja.

Basi alitafuta njia. Jioni alimsikiliza baba yake akiwasomesha kaka zake habari zilezile za Torati, akashika kila neno kwa moyo. Zamu yake ilipofika darasani, alishika kitabu wima, akapitisha kidole juu ya mistari asiyoijua, na maneno yakamtoka kama maji. Kicheko kikaisha. Mwalimu Zehava akamsifu. Ruhama peke yake ndiye aliyekitazama kile kidole kwa jicho la pembeni.

Ikakaribia Sikukuu ya Malimbuko, siku ambayo kila mtoto wa darasa lile angekabidhiwa Kitabu chake kizima, Torati na Manabii, mbele ya wageni. "Msomaji wetu atakuwa Levana," alitangaza Mwalimu Zehava. "Wageni waone jinsi taifa letu linavyoinuka!"

Badra alifurahi, kisha akahesabu siku zilizobaki za kukariri.

Siku hiyohiyo alikuwa amesahau chakula chake nyumbani. Wakati wa mapumziko alimwona mtu amesimama langoni, vumbi mpaka magotini, jembe begani, kifurushi mkononi. Alikuwa Mori Saadia.

"He! Nani yule mzee mwenye mikia masikioni?" Ruhama aliuliza. Wenzake walikohoa kwa kicheko. "Anakutazama wewe, Levana."

Badra alihisi masikio yanawaka moto. "Simjui vizuri," alisema. "Ni kibarua, anakaa jirani na sisi."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mori alisikia. Alisimama kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki watu wajue. Kisha akanyoosha kifurushi.

"Chukua, binti wa watu," alisema taratibu. "Mama yako kanituma."

Akageuka, akaenda zake mlimani.

Jioni ile hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kaka zake walisoma, Badra akakaa pembeni. Baba alipomuuliza kuhusu sikukuu ya shule, alijibu, "Wazazi hawakualikwa."

"Basi sawa," alisema Mori.

Lakini kambi yetu haina siri. Bi Rumiya alizipata habari bombani, na mpaka ndoo yake inajaa, kambi nzima ilijua kwamba binti wa Mori atasoma mbele ya wakubwa. Siku ilipofika tukaenda wote, na watoto mgongoni, na masinia ya mkate. Ukumbi wa shule ulifurika. Watoto walivaa meupe, mashada ya maua kichwani, vikapu vya matunda begani. Mori alikuja, akasimama nyuma yetu sote, mlangoni, bila kuingia.

"Ingia, Mori! Nafasi ipo!" Bi Rumiya alimnong'oneza.

"Hapa panatosha," alijibu. "Mimi jirani tu."

Bi Rumiya alimsogezea sinia la mkate palepale mlangoni.

Badra aliitwa mbele. Alikuwa ameshika kwa moyo habari ya mkulima na kikapu cha malimbuko. Lakini mgeni wa heshima, mzee mcheshi mwenye miwani, alikifungua Kitabu mahali pengine kabisa, katika maneno ya manabii.

"Tusomee hapa, mwanangu," alisema. "Hapa panapozungumzia waliotawanywa kurudishwa kwao. Leo maneno haya ni yetu."

Badra alitazama ukurasa. Haukuwa miongoni mwa kurasa alizozishika. Watu walingoja, mtoto mchanga akalia. Mwalimu Zehava alianza kubadilika rangi. "Popo," mtu alinong'ona.

Badra aliinua macho, akamwona baba yake mlangoni. Mori hakuwa na hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa, kana kwamba aibu ile ilikuwa yake.

Hapo Badra akakigeuza Kitabu kichwa chini miguu juu.

Kicheko kililipuka mistari ya mbele. Alikiacha kipite. Kisha akasoma, polepole, kwa lahaja ya Yemen, herufi za kooni zikitoka kooni kama walivyozitamka babu zake. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Kicheko kikafa chenyewe. Nyuma, wazee wetu walikuwa wameshasimama, midomo yao ikimfuata neno kwa neno.

Mgeni alivua miwani. "Nani kakufundisha kusoma hivi?"

"Baba yangu," alisema Badra, na machozi yakamtoka. "Yule pale mlangoni. Kitabu kilikuwa kimoja, na mimi nilikaa upande wa nne. Hapa nilidanganya, nilikuwa nakariri tu. Na juzi nilisema yeye ni jirani."

Watu waligeuka. Mwalimu Zehava alimfuata Mori mlangoni mbele ya kila mtu. "Nisamehe, Mori," alisema. "Nami nina mama nyumbani. Nimemkataza kuzungumza lugha yake ya kule tulikotoka mbele za watu."

"Mruhusu leo," alijibu Mori. "Kesho usingoje."

Tulirudi kupitia mashamba ya machungwa. Badra alitembea nyuma ya baba yake mpaka baba aliposimama kumngoja.

"Umeniudhi," alisema Mori. "Siwezi kukuficha hilo. Uongo ni ndoo iliyotoboka, mwanangu. Uliibeba kichwani ukidhani hakuna anayekuona umelowa. Sasa nisikilize. Ugenini tulinyang'anywa mengi, lakini hatukuoneana haya sisi kwa sisi. Ndiyo maana tulibaki watu. Kusimama wima ni kuzuri, mwalimu wako hakukosea. Lakini anayejivunia taifa lake huku anamficha baba yake, huyo anajivunia kitambaa cha bendera tu. Jifunze kusoma wima kama wenzako, na upande wa nne usiusahau."

Siku ya kwanza ya shule baada ya sikukuu, wakati watoto wamejipanga mstari uwanjani, Mori alipita tena na jembe lake. Kwa mazoea alisimama mbali na lango.

Badra alitoka kwenye mstari, Ruhama na wote wakimtazama.

"Baba!" aliita. "Mbona unasimama mbali?"

Mori alifuta viatu vyake kwenye majani, akaingia.